Paka wa Mama Mkwe

Mwaka 2013, Safina alipojifungua mtoto wa kike pale Heru Juu, majirani walimwonea wivu kwa mume aliyempata. Ridhiwani alikuwa na duka mjini Kasulu, lakini kila adhuhuri alipanda bodaboda kurudi nyumbani. "Nenda kaoge, upumue kidogo," alimwambia mkewe. "Mtoto namwangalia mimi." Mtoto walimwita Asia, jina la mama yake Ridhiwani aliyefariki miezi michache nyuma. Jina alilichagua Ridhiwani mwenyewe, na Safina hakuwa na neno.

Shida ilikuwa paka. Marehemu aliacha paka jike wa kijivu, mzee, jicho moja limeingia ukungu. Kila Safina alipotoka kuoga alimkuta ndani ya kitanda cha mtoto, kamlalia kifuani, pua kaigusisha mdomo wa kichanga. Alimfukuza kwa khanga, kwa ufagio, kwa matusi. Ridhiwani naye alihangaika, au ndivyo alivyotaka aonekane. Alizungushia kitanda wavu wa waya, akautengenezea kifuniko chenye komeo. Mwishowe akamtia paka kwenye kiroba, akasema anakwenda kumtupa mbali, kijiji cha Makere. Siku hiyo Safina alimpenda mumewe kuliko siku ya ndoa.

Kesho yake paka alikuwa kitandani tena, na komeo limefungwa vizuri kabisa.

Kezia, jirani mwenye asili ya Burundi aliyekuja kila asubuhi kumkanda mzazi, alisubiri mpaka Ridhiwani alipokwenda dukani. "Mawe, mama wee! Mama Asia, sitaki kuvunja nyumba ya mtu," alinong'ona. "Lakini mumeo ndiye aliyemrudisha. Nilimwona anashuka naye kwenye pikipiki, kamfunika kwa koti."

Safina hakuamini. Alitaka sana asiamini. Adhuhuri ile alichukua ndoo kama kawaida, akamwaga maji bafuni kwa kishindo, kisha akarudi pekupeku hadi mlango wa chumba. Ubao ulikuwa na ufa.

Ridhiwani alikuwa amepiga magoti. Komeo lilikuwa wazi. Alimwinua paka kwa mikono miwili, taratibu, akamlaza juu ya mtoto. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Ikaja sauti ya kikongwe, imekauka, imechoka. Haikutoka kwa paka. Midomo iliyocheza ilikuwa ya mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Bado kidogo."

Safina aliusukuma mlango, akamnyakua mtoto. Paka akaanguka sakafuni. Ridhiwani hakushtuka hata kidogo. Alimtazama mkewe kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza zaidi.

"Nilimwahidi kabla hajakata roho," alisema. "Alinilea peke yake, Safina. Ningemkatalia vipi?"

"Na mwanangu?"

"Tutazaa mwingine."

Kumbe adhuhuri zote zile hakuwa anarudi kwa ajili yake. Safina alitoka na nguo alizovaa, mtoto kambana kifuani, akapanda gari la Kibondo hadi kwao Busunzu. Njia nzima alilia uchungu wa mtu aliyekuwa akilala kitanda kimoja na mwizi. Alijiliwaza kwa jambo moja tu, kwamba amewahi. Mtoto alikuwa mikononi mwake.

Mtoto hakulia njiani. Hakulia hata walipofika. Alipopewa ziwa aligeuza uso, akabaki kumkodolea Safina macho. Mama yake Safina alisema ni uchovu wa safari.

Siku ya pili Kezia alipiga simu.

"Mama Asia, mumeo kamtupa nje yule paka, na paka kakimbilia kwangu. Sijui ana nini. Kakataa dagaa, kakataa maziwa ya ng'ombe. Anailalia khanga yako uliyoiacha kwenye kamba, nikaianua, analia tu. Hebu sikia."

Akaisogeza simu. Kikasikika kilio chembamba, cha kukatikakatika, cha njaa. Safina alikijua. Kilimwamsha kila usiku tangu ajifungue.

Kwenye mkeka, yule aliyekuja naye kutoka Heru Juu alikuwa macho, ametulia, anasikiliza pia. Safina alihisi ubaridi kifuani, akajitazama. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe, yanalowesha gauni, kwa kilio cha paka.