Kofia ya Kaka

Asubuhi zetu zilifanana. Nilikunywa chai nimesimama huku nampaka kaka yangu jeli kichwani. Alikuwa fundi cherehani, mcheshi, mdomo haufungi, mpaka kiharusi kilipomlaza: hasogei, hasemi. Mimi kazi yangu ni kompyuta. Nikamtengenezea kofia ya vihisio inayosoma mawimbi ya ubongo kupitia ile jeli, na programu inayojifunza kuyageuza kuwa maneno kwenye skrini. Watu wakanisifu, nami kichwa kikavimba.

Siku ya kwanza maneno yalipotokea, aliandika: "Kadogo, punguza sukari." Kadogo ndiye mimi. Hakuwahi kunisemesha bila kuanza na jina hilo, hata akiwa na hasira. Mama na mimi tulicheka mpaka tukalia.

Sasa niwaambieni ukweli, maana umenikaa kooni. Programu ile haielewi kitu mpaka ilishwe rekodi nyingi. Mgonjwa anawaza sentensi, mashine inarekodi, tena na tena, mamia ya mara. Kaka alichoka upesi. Basi nikafanya ujanja: nikavaa kofia mwenyewe, nikawaza badala yake, nikachanganya rekodi zangu na zake. Nani angejua? Siku moja, nikiwa hoi kwa kumgeuza kitandani tangu alfajiri, nikawaza ya moyoni mwangu: nimechoka, niacheni nipumzike. Ikaingia kwenye rekodi. Sikuifuta.

Baada ya wiki tatu mapafu yake yakaanza kushindwa. Daktari akasema zipo mashine za kumpumulia, anaweza kuishi miaka, ila aulizwe mwenyewe kama anataka. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani. Mama akamwinamia.

"Mwanangu, tuendelee?"

Mawimbi yalikuwa hafifu. Skrini ikakaa tupu. Kisha ikaandika: "Nimechoka, niacheni nipumzike."

Hapakuwa na Kadogo. Nililiona hilo, wallahi nililiona. Mashine ikikosa mawimbi ya kutosha hujazia kwa ilichofundishwa, na aliyeifundisha sentensi ile namjua. Nikajitia hamnazo.

Daktari akanigeukia. "Una hakika ni yeye?"

Mama alikuwa analia. Mgongo ulikuwa unaniuma.

"Ni yeye," nikasema.

Baada ya mazishi niliosha kofia, nikaikausha, nikaifungia sandukuni. Kompyuta nikaizima na waya nikauchomoa. Wiki ya pili, saa nne asubuhi, napita na ndoo ya nguo, naona skrini inawaka. Nikasimama. Waya uko sakafuni. Herufi zikatoka moja moja, polepole, kama alivyoandika yeye.

"Kadogo, umepumzika?"

Ndoo ikanitoka. Nikafungua sanduku. Kofia ilikuwa imelowa jeli, mbichi, ya uvuguvugu.

Nikamwita mama. Alipofika, skrini ilikuwa nyeusi. Akaishika kofia, akatazama vidole vyake, akavifuta kwenye gauni. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kwa nini bado naipaka jeli wakati mwenyewe hayupo.

Kila asubuhi naiosha, naikausha, naifungia. Ikifika saa nne, imelowa tena.