Mtumiaji Fransisko Ameshaunganishwa

Theodory alikuwa amebeba chupa ya uji wa ulezi na kanga mbili. Basi. Hakuwa na makuu. Dada yake Albina alikuwa amejifungua mtoto wa kike mchana ule, kwenye kituo cha afya kule mwisho wa Kizwite, mashamba yanapoanzia, na mama yao alikuwa amesema mzazi hawezi kulala bila uji wa moto. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mwezi wa tisa, upepo unavuma vumbi tupu na mbingu kavu. Theodory alishuka kwenye bodaboda anapiga mluzi, mjomba mpya mjini.

Mluzi uliishia mlangoni.

Muuguzi Lucia alikuwa anakuja mbio kwenye korido, aproni ina damu mpaka kiunoni. Mama mtu mzima yule, amezalisha nusu ya vijana wa Kizwite, na hakuna aliyewahi kumwona anakimbia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Acha uji hapo chini, Theo. Si wewe fundi kompyuta wa Katandala? Njoo huku."

"Albina vipi?"

"Anatoka damu. Haikatiki. Njoo, nimesema!"

Jamani, sikilizeni ilivyokuwa. Damu ya Albina ni O hasi, ile adimu, na tangu mimba yake ya kwanza iharibike, mwili wake haupokei damu ya aina nyingine. Daktari alikuwa naye chumbani. Simu zilikuwa zimepigwa mji mzima, chupa ya damu ile hakuna hata moja. Lakini kituo kilikuwa na orodha ya wachangiaji damu, watu mia nne na ushee, na namba zao za simu. Lucia alikumbuka kabisa kuna mmoja wa O hasi anakaa jirani. Jina ndilo lililomtoka. Orodha yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta, maana daftari waliliacha siku ile mfumo ulipoletwa.

"Na mfumo haufunguki tangu umeme ulipokatika saa tisa," Lucia alisema. "Daktari katupa lisaa limoja tu, Theo. Likipita hilo..."

Akamsukuma ndani ya ofisi.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo. Meza, kompyuta moja, viti viwili, na pembeni kabati la mbao lenye seva ndani. Theodory aliketi. Kwenye kioo yalikuwa maneno ambayo kila fundi anayachukia: *Imeshindikana kuunganishwa na seva.*

Kwa asiyeijua kazi hii, programu unayoiona haina majina ndani yake. Majina yanakaa kwenye seva. Ili programu iyafikie, lazima iwe na anwani ya seva, namba ya mlango, jina la mtumiaji na paswedi. Ukikosea kimoja, huambulii kitu, hata ulie.

Anwani aliigundua mara moja. Umeme uliporudi, rauta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ilikuwa imeipa seva anwani mpya. Akaibadilisha. Namba ya mlango ilikuwa sawa. Akabonyeza *Jaribu*.

"Imekubali!" alipiga kelele. "Mama, imeku..."

Yakatokea maneno mengine.

*Paswedi si sahihi. Mtumiaji: fransisko.*

Theodory aliondoa mikono kwenye kibodi kama aliyegusa jiko.

Fransisko alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa. Ndiye aliyemfundisha ufundi, ndiye aliyeufunga mfumo ule, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyemwamini mtu, aliufunga kwa jina lake mwenyewe na kuruhusu muunganisho mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwezi wa saba, akitokea Kasesya mpakani na pikipiki, radi ilimpiga. Mchana kweupe. Kiangazi, wingu hakuna. Huku kwetu radi ya namna hiyo watu hawaulizi imetoka wapi. Wanauliza imetumwa na nani.

Na lililofuata ndilo baya zaidi. Katika ukoo wao, maiti ikizikwa jina haliachwi hivi hivi. Siku ya kuondoa matanga wazee humchagua mtu, humpa kibuyu cha pombe ya ulezi, anakunywa, anasema mbele ya watu, "Mimi ndiye fulani." Hapo marehemu anapumzika. Na aliyekunywa anarithi vyote, jembe, watoto, mpaka maadui.

Walimchagua Theodory.

Theodory akakirudisha kibuyu. Mbele ya watu wote! Aliogopa radi isije ikalifuata jina. Alipanda bodaboda akarudi Katandala, akamwacha baba yake mkubwa amekishika kibuyu, machozi yanamtoka. Tangu siku ile jina la Fransisko halikuwa na mwenyewe, na wazee walikataza lisitajwe jua likishazama.

Alitazama dirishani. Jua lilikuwa limezama.

Kule ndani Albina aliita, "Theo... Theo jamani..." Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu anayesinzia.

Angefanya nini? Wewe ungefanya nini? Alianza kubahatisha paswedi. Jina la mtoto wa Fransisko. Ikakataa. Namba ya pikipiki. Ikakataa. Na kila alipojaribu, programu ilimtaka aandike jina upya. *fransisko.* Akaandika. *fransisko.* Akaandika tena.

Taa ikafifia. Ikaja harufu ya nyasi zilizoungua. Halafu harufu ya nywele.

Mara ya tano maneno yalibadilika.

*Muunganisho umejaa. Mtumiaji fransisko ameshaunganishwa.*

"Mama Lucia," aliita taratibu, "kuna kompyuta nyingine hapa?"

"Ni hiyo hiyo moja." Lucia alikuwa mlangoni, anafuta mikono isiyofutika. "Vipi, umepata?"

"Bado kidogo."

"Fanya haraka, mwanangu. Midomo imeshakuwa myeupe." Akaondoka.

Theodory alifungua maelezo ya muunganisho. *Tangu: tarehe 19 mwezi wa 7, saa saba na dakika ishirini mchana.* Siku ile, saa ile, ndipo Fransisko alipoanguka barabarani. Tena seva ilikuwa imezimika leo saa tisa, na seva ikizimika hakuna muunganisho unaobaki. Hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Akasoma mstari wa chini. *Kutoka: kompyuta hii.*

Aliruka mpaka kwenye kabati, akachomoa waya wa seva. Ndani ya kabati kukawa kimya. Akageuka kutazama kioo.

*Mtumiaji fransisko ameshaunganishwa.*

Akaurudisha waya. Haki ya Mungu, alitaka kukimbia. Miguu ilishageukia mlango. Lakini kule ndani mtoto alikuwa analia peke yake, na Albina hakuwa anaita tena.

Akarudi kuketi.

Kiti cha pili, kilichokuwa kitupu, kikalia... kama kinavyolia mtu anapokikalia.

"Theo."

Hakugeuka. Sauti ilikuwa karibu na sikio, kavu, ina moshi ndani yake.

"Kaka?"

"Umeniacha nje, Theo."

"Nisamehe, kaka. Niliogopa."

"Nje kuna baridi."

"Dada yangu anakufa," Theodory alinong'ona, na hapo machozi yakamtoka, hakuyajali. "Nakuomba. Albina hajakukosea kitu. Nifungulie orodha tu."

Upepo ulisukuma dirisha. Halafu ile sauti ikasema neno moja.

"Kunywa."

Chupa ya uji ilikuwa mezani. Ile aliyoiacha chini kule mlangoni. Kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa, kikombe kimejaa, na kilichokuwa ndani hakikutoa mvuke. Akanusa. Pombe ya ulezi. Mpaka leo mama yake anaapa alitia uji wenye sukari na maziwa.

Theodory alikishika kikombe. Aliwaza radi. Aliwaza barabara ya Kasesya na pikipiki iliyoungua mpaka ikabaki vyuma. Halafu akamwaza Albina akiwa mdogo, anamfichia kiazi cha kuchoma kwenye mfuko wa sketi ya shule. Akanywa yote.

"Mimi ndiye Fransisko," alisema.

Kiti cha pili kikalia tena, kama mtu ameinuka. Kwenye kile kijisanduku cha paswedi ikatokea nukta. Nukta nyingine. Nyingine... Theodory aliinua mikono yake yote miwili juu, akaitazama. Nukta nane. Kisha *Jaribu* ikabonyea yenyewe.

*Imeunganishwa.*

Orodha ikamwagika kioo kizima. Akatafuta O hasi. Likaja jina moja tu, la Mayunga, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, boma lake kilomita tatu kutoka hapo. Theodory aliichukua ile namba akatoka mbio anaita, "Mama Lucia! Mama Lucia!"

Hawakuhitaji kupiga. Mayunga alikuwa anashuka kwenye bodaboda pale nje, amejifunga shuka, anahema.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza. "Kuna kijana kanipigia tangu saa kumi, kaniambia nijiandae, damu yangu itahitajika magharibi. Nikadhani utani. Halafu kapiga tena sasa hivi."

"Kijana gani?" Lucia aliuliza.

"Kasema anaitwa Fransisko."

Lucia hakuwa na muda wa kushangaa. Alimshika mkono akamvuta ndani. Saa kumi Albina alikuwa mzima, anacheka na mtoto wake. Hakuna aliyekuwa anajua chochote saa kumi.

Damu ilifaa. Albina alipona. Hilo niliseme wazi, maana najua mlikuwa mnamhofia. Asubuhi alifungua macho, akamwona kaka yake pembeni ya kitanda, akatabasamu.

"Kaka Fransisko," alisema. "Umekuja."

Theodory alidhani ni udhaifu wa kupungukiwa damu. Lakini mama yao alipopiga simu alianza hivyo hivyo, "Fransisko mwanangu, amekunywa uji?" Na Lucia, anayemjua tangu anazaliwa, alimpa mkono getini akamwambia, "Ahsante sana, Fransisko. Bila wewe tungelia leo." Alimwuliza kila mmoja kwa nini anamwita hivyo. Kila mmoja alimshangaa. Kwani yeye anaitwa nani?

Siku ya tatu kituo kilimwita fundi mwingine, Jastin, aje kuukagua mfumo. Theodory alikwenda naye, amemweleza yote ila kile kikombe.

"Muunganisho uliganda tu, mshikaji," Jastin alisema, anacheka. "Mbona hutokea."

"Unaganda miezi miwili? Na seva imezimwa?"

Jastin aliacha kucheka. Akafungua maelezo, akasoma, akakuna kichwa.

"Ila hili la Fransisko halipo tena. Aliyeunganishwa ni mwingine. Tangu juzi, saa moja na dakika tano usiku." Akageuza kioo. "Huyu Theodory ni nani? Unamjua?"

*Mtumiaji theodory ameshaunganishwa. Kutoka: kompyuta hii.*

Hakuwahi kusajiliwa kwenye mfumo ule. Hata siku moja. Alifungua kinywa aseme, "Ni mimi," na maneno yakagoma kutoka.

Alitoka nje apate hewa. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, mbingu safi kabisa, wingu hakuna. Kwa mbali, upande wa Kasesya, kitu kikanguruma mara moja, kikanyamaza.

Kisha mtu akaita kutoka nyuma ya ukuta. Sauti ya mzee, ngeni, ambayo hakuwahi kuisikia popote.

"Fransisko!"

Tangu utotoni alifundishwa, kama sisi sote, sauti usiyoijua ikikuita usiijibu. Alilijua hilo. Alifunga mdomo, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Naam," akaitika.