Kila Wimbo na Maneno Yake

"Unanitumia meseji na mimi nimesimama mbele yako?"

Raya aliinua simu yake ili Hafidhi aione vizuri. Kilichowatenganisha ni meza tu, ndani ya kibanda cha Hafidhi pale Mwembesongo, ambako watu huja kujaziwa nyimbo kwenye flashi.

"Umeandika 'usiondoke'. Haya, niambie kwa mdomo."

Hafidhi akainama. Jamani, huyu mwanaume! Miaka miwili mizima, kila Ijumaa alimtumia Raya wimbo mmoja anaoupenda, na chini yake maneno machache ya kwenda nao. Wimbo mmoja wa dansi, wa gitaa la taratibu, aliuwekea shairi:

"Mvua ya Bigwa yashuka, mwendo wangu yakomesha,
Nguo ikishakauka, jina lako lalowesha."

Taarabu aliyoipenda mama yake Raya aliiwekea maneno ya kawaida tu: "Leo nimepita mlangoni kwenu mara tatu. Mara zote nilijifanya nina safari." Raya alilia kwa hayo. Lakini ana kwa ana, Hafidhi alikuwa bubu.

"Mjomba amepokea barua ya posa ya Abdulatif," Raya alisema. "Jumamosi anajibu. Nimemwambia nakusubiri wewe."

"Si nilishamtumia flashi na karatasi? Nilimtafutia ngoma ya Kiluguru, na yale maneno niliyaandika siku nne."

"Ndiyo, na akaniuliza kama una ugonjwa wa koo! Hafidhi, kwetu Matombo mjomba ndiye anayetoa binti. Anataka mtu apige hodi, akae kwenye mkeka, aseme shida yake. Basi."

"Nitakuja."

"Lini?"

"Nikishapata maneno ya kumwambia."

Raya alimtazama, macho yamejaa.

"Njoo hata bila maneno," alisema, akaondoka. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sasa sikia alichofanya bwana huyu. Badala ya kupanda pikipiki kesho yake, alijifungia ndani. Ijumaa nzima alitafuta wimbo wa kumlainisha mzee, akaandika, akachana, akaandika tena. Jumamosi asubuhi bado alikuwa anabadilisha mstari wa mwisho. Alipofika Matombo ilikuwa saa nane mchana, vumbi mpaka kwenye kope, karatasi imekunjwa mfukoni.

Mzee Kibwana, mjomba wa Raya, alikuwa amekaa barazani peke yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye flashi?"

"Ni mimi."

Hafidhi aliipapasa ile karatasi, akaiona ya kijinga, akaiacha. Akakaa kwenye mkeka.

"Mjomba, nampenda Raya. Nimejificha nyuma ya nyimbo kwa sababu naogopa kukataliwa usoni. Kosa ni langu. Nimekuja kumuomba."

Mzee akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Umesema vizuri, mwanangu. Abdulatif hakusema vizuri hivyo. Aligugumiza, hata jina langu alikosea. Lakini saa nne alikuwa hapa na wazee wake. Nikamuuliza binti mbele yao. Akatazama barabarani. Akatazama tena. Halafu akakubali."

Hafidhi aliiminya ile karatasi mfukoni. Saa nne! Saa nne alikuwa mezani kwake, anatafuta vina.

Mlango wa nyuma ya mzee ulifunguka. Raya alisimama pale, amejitanda khanga mpya. Alikuwa amesikia kila neno.

"Raya, nisamehe," Hafidhi alisema. "Nakupenda."

Kwa miaka yote miwili, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Raya kulisikia neno hilo kwa sauti ya Hafidhi. Alifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Kumbe ulikuwa unaweza," alisema, akarudi ndani kwa wageni, ambao walikuwa bado wanakula.