Waya wa Kijani Nyuma ya Nyumba

Kila nikitoka shule nilivua viatu mlangoni, nikamwamkia Bibi, kisha nikaenda moja kwa moja kwenye tangi la samaki sebuleni. Wazazi wangu walikuwa wakilima Kidete, nami niliishi na Bibi Yunis hapa Mikumi ili nisome. Kazi yangu ilikuwa kufuta kioo cha tangi na kuongeza maji yalipopungua. Nyumbani kwetu viatu vinabaki nje, awe mgeni, awe mchungaji. Bibi peke yake ndiye aliyevaa ndala hadi sebuleni, kwa sababu ana kisukari na daktari alimkataza kutembea peku.

Tangi lilikuwa la mjomba Elikana, kitinda mimba wa Bibi. Alisomea mambo ya samaki Dar es Salaam, akarudi na samaki watatu wa baharini, rangi ya chungwa na mistari myeupe. Majirani walimcheka. Mtu anakaa Mikumi, kwenye tembo na nyati, halafu anafuga samaki wa bahari! Yeye alichanganya chumvi maalumu kwenye maji, akaweka pampu ya kuyazungusha, na samaki wakaishi. Mwaka juzi mjomba alifariki kwa ajali ya pikipiki. Tangu hapo Bibi aliwasalimia wale samaki kila asubuhi kabla ya kunisalimia mimi. Sikumwonea wivu, maana hata mimi nilimlilia sana mjomba.

Siku moja Mwalimu Tumwagile, anayetufundisha sayansi darasa la sita, alitutaka tutengeneze sumaku ya umeme kwa msumari, betri na waya. Waya sikuwa nao. Nyuma ya nyumba kulikuwa na waya wa kijani ulioshuka ukutani na kuzama ardhini. Nikajiambia kwamba waya unaoishia kwenye udongo hauna kazi. Nikachukua koleo, nikakata kipande cha kunitosha. Sumaku yangu ilinyanyua pini nyingi kuliko za wenzangu wote, na darasa zima likanipigia makofi. Kichwa kilinivimba wiki nzima.

Wiki iliyofuata samaki wa kwanza alikufa. Wawili waliobaki walijibanza kwenye kona na kukataa kula. Bibi alibadilisha maji, akapima chumvi, akampigia simu rafiki wa mjomba kule Dar. Wapi! Jumatatu nilipotia mkono kufuta kioo, kidole kikanichoma. Kilikuwa na mchubuko, nikasingizia chumvi. Jumanne nikatia mkono wa pili, usio na mchubuko, nao ukachomwa hadi kiwiko. Bibi alipotia wake, na ndala zake za mpira miguuni, hakusikia kitu.

Jumatano Mwalimu Tumwagile alichora nyumba ubaoni, na waya wa kijani ukishuka kutoka ukutani hadi ardhini.

"Huu ni waya wa ethi," alisema. "Kifaa kikivujisha umeme, waya huu unaupeleka ardhini ili usiwapige watu. Asiuchezee mtu."

Papo hapo nikakumbuka koleo, na mkono wangu uliochomwa kwenye maji. Jioni ile Bibi aliniuliza, "Lea, wewe ndiye unayeshinda hapa kwenye tangi. Hujaona kitu chochote?"

"Sijaona, Bibi."

Niliogopa tu, sina sababu nyingine. Alhamisi samaki wa pili akafa, nikanyamaza. Ijumaa nilipiga deki sebuleni, nikatoka kumwaga maji machafu. Niliporudi, Bibi alikuwa amevua ndala zake ili asichafue sakafu yangu. Alisimama mbele ya tangi, peku kwenye majimaji, akikunja mkono wa gauni huku machozi yakimtoka.

"Elikana mwanangu, nisamehe," alikuwa akisema. "Nimeshindwa kukutunzia hata samaki."

Mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye maji.

"Bibi, usiguse! Maji yana umeme!"

Nilimvuta nyuma kwa gauni, nikaenda kuzima swichi kubwa. Kisha nikamwambia yote, kuanzia koleo hadi ule uongo wa Jumatano. Bibi aliketi. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza kuliko fimbo.

Kesho yake fundi umeme, kaka Abubakari, alikuja kutoka Kilosa na kipimo chake.

"Mama, waya wa pampu umepasuka, umeme unavuja kwenye maji," alisema. "Ule wa ethi ungekuwepo, swichi ingejizima yenyewe siku ya kwanza. Samaki wameteseka. Na wewe ungetia mkono ukiwa peku kwenye majimaji, tungekuwa tunaongea mengine."

Alirudisha waya wa ethi, akafunga pampu mpya, akapima tena. Maji yalikuwa salama. Lakini samaki wa tatu alikuwa amechoka mno. Jumapili tuliporudi kutoka kanisani tulimkuta anaelea kwa ubavu. Bibi alimzika mwenyewe chini ya ua la waridi, akakaa pale muda mrefu. Nilikaa naye, nikilia.

"Bibi, unanichukia?"

"Sikuchukii, mjukuu wangu. Kukata waya ulikosea kwa kutojua, na hilo nilikusamehe hata hujamaliza kusema. Lakini ulipokwishajua, ulikaa kimya siku mbili nzima. Samaki mmoja alikufa ndani ya siku hizo, na mimi ilibaki kidogo tu nife. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Ukweli ukichelewa, unakuta watu wameshaumia."

"Utamwambia mama?"

"Hapana. Utamwambia wewe."

Alibonyeza namba ya Kidete, akanikabidhi simu. Mama alipopokea nilimwamkia, nikaanza kumsimulia. Nilipofika kwenye zile siku mbili, nilimtazama Bibi. Akanionyesha simu kwa kidole. Nikavuta pumzi, nikazisema zote mbili.