Bomba Fupi na Bomba Refu

Kila Jumamosi asubuhi, Sisimizi ndiye aliyefungua lango la gereji. Alifagia ua, akanyunyiza mchanga mahali palipomwagika oili, kisha akapanga spana za baba yake ukutani, kuanzia ndogo hadi kubwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mdogo wa mwili na asiyetulia hata dakika moja. Ndiyo maana baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alimpa jina hilo. Mkono wake ulipita mahali ambapo mkono wa Fundi ulikwama.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Injini ikifunguliwa mdomo, hata kwa dakika moja, mdomo huo huzibwa kwa kitambaa chekundu chenye mkia mrefu. Mkia hufungwa kwenye ndoano ya boneti ili mtu asisahau kukitoa.

"Injini haina ulimi wa kutemea," Fundi alizoea kusema. "Ikimeza, imemeza."

Siku hiyo kulikuwa na gari moja tu uani, gari kuukuu la mbio, lenye milango miwili na viti viwili. Mwenyewe alikuwa Mwoka Mikate, mwanamke wa mabega mapana aliyeamka alfajiri kwa miaka mingi kukanda unga. Kesho yake angeshiriki mashindano ya kupanda mlima kwa magari, kwa mara ya kwanza maishani. Kilichobaki ni kuchagua bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Yalikuwepo mawili juu ya meza, fupi na refu, kila moja na filta yake.

"Shikamoo, mama," alisema Redio, binamu yake Sisimizi, ambaye hakuitwa hivyo bure. "Chukua hilo fupi. Linanguruma kweli kweli! Hata ukiwa wa mwisho, watu watajua umekuja."

"Marahaba. Kumbe nishindwe kwa kelele!" Mwoka Mikate akacheka. "Fundi, wewe unasemaje?"

"Fupi linavuta hewa ya hapa hapa chini ya boneti, na hapa ni kama jikoni kwako," alisema Fundi. "Refu linashuka hadi nyuma ya bampa, linavuta hewa ya baridi. Injini ikipata hewa ya baridi inashiba, inapata nguvu. Mimi ningechukua refu. Lakini tusibishane. Tupande kilima cha hapo nje na kila moja, saa itatuambia."

Walianza na fupi. Mwoka Mikate aliendesha, Fundi akashika saa. Walirudi na jibu: sekunde thelathini na moja.

Sasa ilikuwa zamu ya bomba refu. Mwoka Mikate alimiminiwa chai, akamkonyeza Sisimizi.

"Binti, ukimaliza kabla ya chai yangu, safari hii utapanda wewe."

Sisimizi hakuwahi kupanda gari la mbio. Alifungua kibano, akalivua bomba fupi. Kikabaki kiwiko cha mpira, kile kipande kilichopinda kinachoingia kwenye injini, kikiwa wazi. Kitambaa chekundu kilikuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba. Chai ilikuwa imefika nusu kikombe. Karibu na Sisimizi palikuwa na kiti cha gari kilichochanika, sponji imetokeza. Akanyofoa bonge, akalisokomeza ndani ya kiwiko.

"Umeziba?" Fundi aliuliza akiwa chini ya gari, akifunga ncha ya bomba refu.

"Nimeziba, baba."

Baada ya dakika chache aliivuta sponji, ikatoka kwa shida, akaitia mfukoni. Akaunganisha bomba, akakaza kibano. Chai ilikuwa imebaki funda moja.

Safari ile aliyoitamani haikuwa tamu. Gari lilipanda likikohoa, kama mzee mwenye mzigo. Walipofika juu, Mwoka Mikate aliinua mguu kutoka kwenye pedali ya mafuta, lakini injini iliendelea kuunguruma kidogo, ndipo ikatulia.

"Mh! Imekuwaje hii?" alinong'ona Mwoka Mikate. Saa, ambayo sasa aliishika Sisimizi, ilisema sekunde thelathini na sita.

Sisimizi aliingiza mkono mfukoni, akaitoa sponji polepole. Upande mmoja ulikuwa umechanika upya. Pengo lilikuwa kubwa kama yai la kuku. Kipande kilichokosekana kilikuwa ndani ya kiwiko, kimevutwa hadi kwenye kile kisahani kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Kisahani kikikwama wazi, gari haliwezi kupunguza mwendo. Hilo alilijua. Baba yake alimfundisha kabla hajajua kuandika jina lake vizuri.

Waliporudi uani, Mwoka Mikate hakupiga kelele. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Fundi, nimekuamini miaka yote. Ningekusikiliza, kesho ningekuwa mkia. Nirudishie fupi nikafanye mazoezi mlimani. Baada ya mashindano nitatafuta fundi anayeyajua magari haya."

Fundi alitazama chini. Alijipangusa mikono ambayo ilikuwa tayari safi. "Sielewi," alisema. "Labda nimezeeka. Labda nimekushauri vibaya, dada yangu."

Sisimizi alifungua mdomo. Akamwona baba yake akiinama juu ya injini, shingo imelegea kama ya mtu aliyepigwa. Mdomo ukajifunga wenyewe. Angesemaje? Kwamba aibu ile yote aliileta yeye, kwa ajili ya kikombe cha chai?

Alikimbilia nyuma ya pipa la maji. Redio akamfuata, akaiona sponji mkononi mwake.

"Hicho nini? Mbona umejificha huku?"

Sisimizi akamweleza. Redio akachungulia kama kuna anayewasikia.

"Nyamaza tu," alinong'ona. "Itatoka yenyewe. Injini ina moto, itaiunguza. Ukisema, baba yako hatakuruhusu tena kugusa hata spana."

"Na isipotoka?"

"Usiniulize mimi. Mimi si fundi."

Sisimizi alirudi. Aliamua kwamba atasema baba akishavua bomba refu. Baba akalivua, akaliweka mezani bila neno. Basi atasema kabla fupi halijaingia. Fupi likaingia. Atasema kabla kibano hakijakazwa. Bisibisi ikazunguka, kibano kikakazwa. Hata safari hii Fundi hakuchungulia ndani ya kiwiko. Kwa nini achungulie? Binti yake alikuwa amemwambia, "Nimeziba, baba."

Mwoka Mikate alifunga mkanda. Mlimani njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Sisimizi aliiona mbele ya macho yake, akaliona na gari likiingia kwenye kona bila kupunguza mwendo. Boneti ikafungwa. Ufunguo ukazungushwa. Mwoka Mikate akakanyaga mafuta mara moja, kwa nguvu, kusikia ule mngurumo, kisha akaanza kuelekea langoni.

Akainua mguu. Mngurumo haukushuka.

Gari liliruka mbele. Nguzo ya lango ilikuwa hatua kumi tu mbele. Mwoka Mikate alikanyaga breki hadi mgongo ukamwinuka kitini, lakini magurudumu yaliendelea kukwaruza mchanga.

"Zima!" Sisimizi alipiga kelele akikimbia kando ya dirisha. "Zima ufunguo, mama! Sponji! Zima!"

Mkono wa Mwoka Mikate ukaupata ufunguo. Injini ikanyamaza. Gari likasimama, bampa na nguzo vikikaribia kugusana.

Mwoka Mikate akafungua mlango, akashuka. Kisha Sisimizi akanyoosha mkono wenye sponji, machozi na kamasi vikimtiririka.

"Ni mimi," alisema. "Sikutumia kitambaa. Nilitumia hii, ikakatikia ndani. Nilijua tangu kule juu kilimani. Bomba refu halina kosa. Wala baba hana kosa."

Fundi alifungua boneti, akalegeza kibano, akalivua bomba, akasogea pembeni. "Mkono wangu hauingii humo. Toa."

Sisimizi aliingiza mkono ndani ya kiwiko hadi karibu na bega. Vidole vikagusa kitu laini, kimejikunja kwenye ukingo wa kisahani. Akakivuta kidogo kidogo, akihesabu pumzi zake, hadi kikatoka kizima. Aliviunganisha vipande viwili mbele ya wote. Vililingana.

Mwoka Mikate aliketi kwenye kile kiti kilichochanika. Rangi ilikuwa haijamrudia usoni.

"Njoo hapa, binti," alisema. Sisimizi akasogea akitazama miguu yake. "Mimi mkate ukiungua siogopi. Kila mtu anauona, nautupa, nakanda mwingine. Ninaouogopa ni ule ulioiva juu na ndani mbichi. Huo naufunga vizuri, namuuzia mtu, anaula na watoto wake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini ungechelewa dakika moja tu, msamaha wangu usingekuwepo wa kukupa." Akamgeukia Fundi. "Na mimi nimekutukana bure. Niwie radhi, ndugu yangu."

"Hata mimi nina langu," alisema Fundi. "Nililaumu bomba, nikalaumu uzee, sikuchungulia ndani." Akamshika binti yake bega. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea kazini ni kawaida, hata mimi nimekosea mara nyingi kuliko nywele za kichwa changu. Kosa lako la kwanza lingetuchukua dakika tano kulirekebisha. La pili, la kunyamaza, lingetuchukua mtu. Ukikosea, sema hapo hapo, hata kama sauti haitoki. Usingoje ujasiri. Ujasiri huja baada ya kusema."

Walifunga tena bomba refu, wakapanda kilima upya. Safari hii Sisimizi hakupewa kiti. Alibaki langoni na Redio, na hakunung'unika. Gari lilipanda bila kukohoa hata kidogo. Saa ilisema sekunde ishirini na tisa.

"Refu," alisema Mwoka Mikate aliporudi. "Halina kelele, lakini lina pumzi. Fundi, lifunge moja kwa moja."

Fundi alimpa Sisimizi bisibisi. Binti akakaza vibano vyote, kimoja baada ya kingine, huku Mwoka Mikate akitazama jua, kwa maana muda wa mazoezi ulikuwa unapita.

"Tayari?" aliuliza Fundi, mkono juu ya boneti.

Redio alimkonyeza aseme ndiyo. Sisimizi alivuta pumzi.

"Bado, baba," alisema. "Kibano cha chini sikumbuki kama nilikikaza vizuri. Nataka nikitazame tena."

"Kitazame," alisema Fundi, na wote wakamngoja.