Mkono wa Kushoto wa Seremala

Siku seremala alipomwambia mkewe asante, mke alidondosha kikombe cha chai.

Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kulitamka neno hilo, na kwa miezi minane hakuwa ametamka neno lolote. Kiharusi kilimwangusha karakanani, kikamnyang'anya ulimi na upande wote wa kulia. Mke alimlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Sasa alikuwa amekaa wima, anatabasamu.

"Umechoka, mke wangu. Kaa nikumenyee chungwa."

Mke alicheka, akalia, akala chungwa lote. Hakujiuliza kwa nini chumba kinanuka nywele zilizoungua.

Wiki haikuisha seremala akarudi karakanani, nyuma ya nyumba. Mchana kutwa randa ilisikika, lakini mbao kavu zilitoa maranda yaliyolowa, na jicho lake la kulia halikupepesa hata vumbi lilipoliingia. Majirani walisema Mungu mkubwa. Mke naye alisema hivyohivyo, kwa sauti ya chini kidogo. Mume wa kabla ya kiharusi alimwita "we mwanamke" na kuzira chakula kwa ajili ya chumvi. Huyu alimuuliza ameota nini, kisha akasikiliza mpaka mwisho.

Mkono wa kushoto tu ndio haukumtii. Ulimwaga chai, uling'ang'ania miguu ya kitanda. Mchana mmoja mke alipeleka maji karakanani, akakuta ubao umeandikwa kwa penseli, herufi zimepinda kama za mtoto: SI MIMI. NIPO NDANI. MTOE.

Alijua aliyeandika ni nani. Akajiambia kwamba anayetembea ni afadhali kuliko anayelala, kwamba huyu akitoka yeye atarudi kwenye beseni na mashuka, kwamba labda aliyeandika ndiye shetani na anayeongea ndiye mume, na huku akijidanganya hivyo mikono yake ilikuwa imeshashika randa, ikaparuza ubao mpaka herufi zikawa maranda, akayakusanya yote, akayachoma.

Alifanya hivyo mara kumi na moja.

Kisha akaja wifi yake, dada wa seremala. "Wifi, yule simjui," alinong'ona jikoni. "Kanisifia gauni. Kaka yangu mimi!" Kesho yake alirudi na mganga, mama mfupi mwenye mfuko wa plastiki, ambaye aliketi mezani mkabala na seremala.

"Nikimng'oa hivihivi, mwenye mwili naye ataondoka," mganga alisema taratibu. "Ila kama mwenyewe ameomba, atashikilia. Ameomba?"

Seremala alimgeukia mkewe. "Mke wangu, nimekukosea nini?"

Hakuwa amemkosea kitu. Chini ya meza mkono wa kushoto ulimtafuta, ukamshika, kucha zikamzama. Mke aliukandamiza pajani kwa nguvu zake zote.

"Hajaomba," alisema.

Mganga alibeba mfuko wake. Hatua zake zikapita ukumbini, zikafika mlangoni, zikaanza kufifia barabarani, na mkono uliokuwa ukipigana ukalegea, ukatulia, kisha ukaanza kumpapasa goti polepole, kwa upole uleule wa ule mwingine, na mke akaelewa kwamba mwenye mkono amekata tamaa, akapiga yowe, akaangusha kiti, akatoka mbio bila viatu.

"Rudi, mama! Ameomba! Mwezi mzima anaomba, mimi ndiye niliyefuta!"

Wifi alimtazama, kisha akampisha mganga arudi ndani.

Mganga alisoma dua mpaka sauti ikamkauka. Harufu ya nywele ilijaa nyumba nzima, vioo vya madirisha vikalowa kwa ndani, na ile sauti ya upole ikawa inaita mke wangu, mke wangu, ikizidi kuwa nyembamba, mpaka mwishoni haikuwa ikibembeleza tena bali inalia, kama kitu kinachoogopa kurudi kukaa peke yake. Mke aliziba masikio. Seremala akaangukia upande wa kulia, mate yakimtoka.

"Yupo," mganga alisema. "Kidogo sana, lakini yupo."

Mke alipiga magoti. "Nisamehe. Nilisoma mbao zote." Akamwekea penseli katika mkono wa kushoto, na karatasi chini yake. Ilichukua muda mrefu. Wote watatu walisubiri.

DADA ANILISHE.

Mke aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kijiko, akamkabidhi wifi.