Rekodi Arobaini na Moja za Bride

Jumapili ile kompyuta ilikuwa imezimwa tangu jana yake na waya umechomolewa ukutani, lakini Loretta alipoipangusa vumbi aliikuta ina joto. Lilikuwa joto la mwili, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Aliondoa mkono, akaurudisha, akauondoa tena. Halafu akasikia harufu ya sufu iliyolowa. Hakukuwa na mtu aliyelowa ndani ya nyumba ile. Mumewe, Ambrose, alikuwa ametoka mapema na gari la kusukuma theluji, na Noreen alikuwa kilimani akiteleza kwenye theluji na wenzake.

Mtu mwingine angepiga simu kwa jirani. Loretta alichomeka waya na kuiwasha, kwa sababu saa yake ya kusikiliza ilikuwa imefika.

Niseme ukweli mapema, sina sababu ya kumficha. Loretta ni mke wa pili. Wa kwanza, Bride, alifariki Noreen akiwa na miaka miwili, na wiki zake za mwisho hospitalini alijirekodi sauti, rekodi fupi fupi arobaini na moja, kwa ajili ya mtoto ambaye angekua bila yeye. Namna ya kusuka nywele. Namna ya kumtambua mwongo. Wimbo wa kulalia. Noreen, sasa ana miaka tisa, husikiliza moja kila Jumapili baada ya misa, akizimaliza anaanza upya. Zimo kwenye kompyuta ile, na sauti nyingine ya mama yake hana. Ambrose hajathubutu kusikiliza hata moja. Loretta ndiye anayezisikiliza zote, kila siku, mlango ukiwa umefungwa, akitafuta kasoro. Miaka miwili ya ndoa ametafuta na hajaipata. Mke mwenza aliye hai ana nafuu, utakutana naye dukani mtukanane mpaka koo likauke. Marehemu hazeeki wala hakosei, na ukimtukana hajibu.

Siku mbili kabla, kompyuta hiyo hiyo ilikuwa imeletewa mgeni. Hapa Skerry Cove, kama kwingi kisiwani Newfoundland, siku kumi na mbili za Krismasi mtu haulizwi jina mlangoni. Anakuja kajifunika uso kwa kipande cha pazia, kavaa koti la mwenzake, anabisha hodi akiongea kwa kuvuta pumzi ndani ili asijulikane: wenye vinyago tunaruhusiwa? Unamruhusu kwanza, unampa kinywaji na keki, ndipo unaanza kukisia ni nani. Ukimrudisha, utasemwa mpaka Krismasi nyingine. Basi ikaja kadi kwenye barua pepe, haina jina la mtumaji, ina picha ya mtu aliyejifunika uso akigonga mlango. *Naruhusiwa?* Programu ya kukinga virusi ikatoa onyo jekundu mara tatu.

"Nyamaza wewe, huna adabu kwa wageni," Loretta aliiambia, akicheka, akidhani ni wifi yake anamtania. Akaizima kinga, akabofya *Ndiyo*. Mlango ndani ya picha ukafunguka na hakuna mtu aliyeonekana kuingia. Akaona kadi mbovu, akaenda zake kuepua viazi.

Jumapili hii skrini iliwaka taratibu mno. Loretta alifungua picha za Bride, maana alizoea kuanza na picha. Ile ya Bride kaketi juu ya mwamba, upepo ukimpeperusha nywele, ilikuwa imegeuka kijivu kitupu, na jina la faili limekuwa herufi zisizosomeka. Akafungua ya pili. Kijivu. Ya tatu ilikuwa bado nzima, na akiwa anaitazama, uso wa Bride ukaliwa kuanzia kidevuni kwenda juu.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Ndiyo, furaha, sitaipa jina jingine. Mkono wake ulikuwa karibu na waya na hakuuvuta.

"Nani wewe?" alinong'ona.

Spika zikakwaruza. Sauti ikatoka, ya mtu anayeongea huku akivuta pumzi ndani.

"Mwenye wivu kama wako. Umeniruhusu. Nimeshiba kidogo tu."

"Unataka nini?"

"Kuna Bride mwingine. Kwenye droo."

Ilikuwa kweli. Ambrose alikuwa na diski ya akiba yenye nakala za rekodi na picha zote, kaivingirisha kwenye soksi ya utotoni ya Noreen, kaiweka kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Shangazi Philomena ndiye aliyemwekea utaratibu huo. Huyu ni mwalimu mstaafu aliyefundisha kompyuta shuleni, na kwa kuwa ni mzee, kijiji kizima kinamwita shangazi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: ichomeke mara moja kwa mwezi, nakili, ichomoe, irudishe droo. Na kompyuta ikionekana kuumwa, usiiguse kabisa.

Loretta alijua yote hayo. Akaenda kwenye droo, akaitoa diski kwenye ile soksi, akarudi akichungulia dirishani kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaichomeka diski, na kitaa chake cha bluu kikaanza kupepesa, kwanza polepole, halafu kwa kasi, na ndani ya mashine kukawa na mlio wa meno yanayosaga mifupa midogo, na harufu ya sufu iliyolowa ikapanda mpaka akaisikia kooni, na kutoka kwenye spika Bride akaanza kuongea, rekodi ya kwanza, ya pili, ya kumi, zote kwa pamoja, wimbo wa kulalia juu ya namna ya kusuka nywele juu ya *mwanangu nakupenda*, kila moja ikikatika katikati ya neno, mpaka ikabaki moja, halafu ikakatika na hiyo.

Halafu picha za harusi ya Loretta zikafunguka zenyewe, na yeye akaanza kuliwa kuanzia kidevuni.

"Hapana," alisema. "Mimi siyo. Mimi ndiye niliyekuruhusu!"

"Mwenye wivu habagui," ile sauti ikavuta pumzi.

Aling'oa waya. Mashine iliendelea kusaga kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa, ndipo ikatulia.

Mlango wa jikoni ukagongwa na Noreen akaingia, mashavu mekundu kwa baridi, akitupa glavu sakafuni. "Loretta, leo ni ya kumi na saba! Ile ya kutengeneza mkate. Mbona umeketi gizani?"

Loretta aliinama akaokota zile glavu.

Shangazi Philomena alifika jioni hiyo hiyo na mkoba wake, vyuma vya kuzuia kuteleza kwenye barafu vikiwa bado kwenye buti. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa waya wa intaneti. Aliwasha, akatazama, akazima. Ambrose alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Hizi faili zimefungwa, Ambrose. Ufunguo anao aliyezifunga. Lakini tuna ile diski ya droo. Niletee."

Ambrose alikwenda, akarudi na soksi tupu. Philomena aliiona diski nyuma ya kompyuta. Aliishika, ikamwunguza vidole kwa joto.

"Ambrose, nenda jikoni unichemshie chai," alisema bila kugeuka. Ambrose alipoondoka, Philomena akanong'ona, "Loretta. Uliichomeka kabla mashine haijaumwa, au baada?"

"Shangazi..."

"Kabla au baada?"

"Baada. Nilikuwa nimeshaona."

Bibi yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Watu hapa nawaambia kila mwaka, mlango wa nyumba acheni wazi mkipenda, huu wa kompyuta fungeni. Wananicheka. Lakini wewe hukusahau kufunga. Wewe umemshika mgeni mkono ukampeleka mpaka stoo."

"Utamwambia?"

"Mimi natibu mashine, mama. Hayo mengine ni ya kwako."

Aliifuta diski ya ndani yote, asibakize kitu, akaijenga mashine upya kwa programu alizokuja nazo kwenye kidude chake kutoka nyumbani. Nywila za barua pepe na za benki alizibadilisha kwa kompyuta yake mwenyewe, akisema hawezi kutia maji safi kwenye ndoo chafu. Akaiwasha kinga, akaipa masasisho yote. "Ikitoa jekundu, usibishane nayo. Na hii diski naondoka nayo. Pengine siku moja ufunguo utapatikana. Msikae mkiungoja."

Harufu ilikwisha usiku ule. Noreen alilia mpaka akapata kwikwi. Loretta naye alilia, na Ambrose akamkumbatia, akamwambia, "Ni mashine tu, mpenzi wangu. Una moyo mwema, unalia kwa ajili ya mtu ambaye hata hukumjua." Sijui kama kuna adhabu inayopita hiyo.

Jumapili iliyofuata, Noreen alikaa kwenye kiti kile kile mbele ya skrini safi. "Baba," aliita, "ya kumi na saba ilisemaje? Ile ya mkate?"

Ambrose alikuwa barazani anavua buti. "Mwanangu, sikuwahi kuzisikia," alisema.

"Basi hakuna anayejua."

Loretta alikuwa akikausha sahani. Angeweza kunyamaza. Lakini alizijua zote arobaini na moja, kila kikohozi, kila mahali Bride aliposimama kupumua. Hakuna duniani aliyemsikiliza yule mwanamke kuliko yeye. Na mtoto alikuwa ameinamisha kichwa. Akaweka kitambaa chini, akapiga magoti, akaanza.

"Unga usiupime, mwanangu, ushike..."

Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ina uchovu wa hospitali, ina kicheko kidogo mwishoni. Noreen aliinua uso. Barazani buti likaanguka. Ambrose alisimama mlangoni na soksi zake, machozi yakimtiririka, akimtazama Loretta kwa macho ambayo Loretta alikuwa ameyangoja miaka miwili.

"Bride," alisema. "Usinyamaze."

Loretta alitaka kusema, ni mimi, ni Loretta, nitazame mimi. Alikaza koo, akauma ulimi, damu ikamjaa mdomoni. Lakini rekodi ya kumi na saba ilikuwa haijaisha, na nyuma yake ya kumi na nane ilikuwa tayari inampanda kooni.